Ngumi za kulipwa: mchezo usio na msimamo wa ligi

Kwenye kijiwe cha kahawa karibu na Soko la Majengo, jijini Dodoma, swali la nani anaongoza Ligi Kuu halimalizi hata kikombe kimoja. Mtu hutoa simu, hufungua msimamo, husoma pointi, na wabishi hunyamaza. Hata yule anayeumizwa na nafasi ya Dodoma Jiji hana la kupinga, kwa sababu msimamo ni mmoja na kila mtu anajua unakotoka. Lakini akitokea wa kuuliza bingwa wa dunia wa ngumi ni nani, hata kama swali linahusu uzito mmoja tu, birika linaweza kwisha na kila mmoja akaondoka na jina lake.

Ubishi huo, kwa jinsi ninavyousikia, hugawanyika kwa umri. Wazee husema ngumi zimekufa: zamani mtoto wa darasa la nne alimjua Muhammad Ali hata kama hakuwahi kuketi mbele ya televisheni, ilhali leo mpenda michezo wa kawaida hushindwa kutaja mabingwa watatu walio ulingoni. Vijana hujibu kwamba ngumi hazijawahi kuwa kubwa kama sasa, na ushahidi wao ni pambano la Jake Paul na Mike Tyson la Novemba 15, 2024, ambalo Netflix ilitangaza kwamba lilitazamwa moja kwa moja na watu milioni 108 duniani. Mimi ningependa vijana wachague ushahidi mwingine, kwa kuwa pambano kati ya kijana aliyepata umaarufu kwenye mtandao na mzee wa miaka 58 linatueleza nguvu ya majina kuliko hali ya mchezo wenyewe. Hata hivyo pande zote mbili zina hoja, na kinachozifanya zote ziwe na hoja ni jambo moja ambalo halitajwi sana: ngumi za kulipwa hazina mwenye ligi. Ukilishika jambo hilo, mambo mengi yanayoonekana kama vurugu, kuanzia wingi wa mikanda hadi mapambano yanayosubiriwa miaka mitano bila kufanyika, huanza kueleweka.

Katika soka kuna FIFA juu, CAF chini yake, TFF chini yake, na Bodi ya Ligi inayopanga ratiba. Timu haichagui mpinzani, hupangiwa. Katika ngumi za kulipwa hakuna ngazi ya namna hiyo. Kuna vyombo binafsi vinavyotoa ubingwa, na vinne kati yake ndivyo vinavyoheshimiwa zaidi: WBA, ambacho asili yake ni chama cha Marekani cha mwaka 1921 kilichobadili jina mwaka 1962, WBC, kilichoanzishwa mwaka 1963 na chenye makao yake Mexico, IBF ya mwaka 1983, kule New Jersey, na WBO ya mwaka 1988, kule Puerto Rico. Hakuna kati ya hivyo kilicho juu ya mwenzake, na hakuna anayeweza kukizuia cha tano, cha sita au cha kumi kuchongesha mkanda na kuuita wa dunia. Imefanyika hivyo mara nyingi.

Chombo cha namna hii huishi kwa ada. Bondia anayepigania mkanda wake hukatwa sehemu ya malipo yake, kwa kawaida karibu asilimia 3, na promota, yaani mwandaaji wa pambano, naye hulipa ya kwake. Kwa hiyo mkanda unaoongezwa ni mapato yanayoongezwa, na hapo mtu hahitaji kuwa mchumi ili kutabiri mikanda itaelekea wapi. Zamani uzito ulikuwa wa aina nane, na kwa miongo mingi kila uzito ulikuwa na bingwa mmoja au, mambo yakiharibika, wawili. Leo uzito unaotambuliwa na vyombo vyote vinne ni wa aina 17. Ukizidisha kwa vyombo vinne unapata nafasi 68 za ubingwa wa dunia, na hapo hujahesabu mabingwa wa muda, wala zile nyakati ambapo WBA ilikuwa na bingwa wa juu na bingwa wa kawaida katika uzito uleule. Kati ya uzito wa kati, ambao mwisho wake ni kilo 72.57, na uzito ulio chini yake, ambao mwisho wake ni kilo 69.85, kuna tofauti isiyofika hata mfuko wa unga wa kilo tatu. Kule chini kabisa, kwa mabondia wadogo, mabingwa wawili wa dunia wanaweza kutenganishwa na chini ya kilo moja na nusu. Ni haki kusema kwamba madaraja mengi humlinda bondia mwepesi asipigwe na mzito, na hoja hiyo ina uzito wake kiafya. Ila ulinzi huo na ada vimekwenda pamoja kwa raha mno kiasi kwamba ni vigumu kuamini afya peke yake ndiyo iliyokuwa ikifikiriwa.

Kila chombo kina orodha yake ya wapinzani na kila kimoja humtaka bingwa wake apambane na mpinzani wa lazima kwa zamu yake. Bingwa wa mikanda minne, kwa hiyo, ni sawa na mtu aliyekopa kwa watu wanne, kila mmoja na siku yake ya kudai. Mfano ulio wazi ni wa Oleksandr Usyk wa Ukraine. Mei 18, 2024, mjini Riyadh, alimshinda Tyson Fury na kuwa bingwa wa kwanza wa uzito wa juu asiyepingwa tangu Lennox Lewis mwishoni mwa miaka ya 1990. Dunia ilingoja robo karne kumpata mtu mmoja wa kumwelekezea kidole. Kabla Juni haijaisha, mkanda wa IBF ulikuwa umekwisha kumtoka, bila kupigwa na mtu, kwa sababu IBF ilitaka apambane na Daniel Dubois ilhali yeye alikuwa amefungwa na mkataba wa kurudiana na Fury. Dubois akapewa ubingwa akiwa hana jasho. Julai 19, 2025, katika uwanja wa Wembley, Usyk akamtwanga Dubois na kuikusanya tena mikanda yote minne, na Novemba mwaka huohuo akauachia wa WBO. Mzee wa kijiweni anaposema siku hizi hajui bingwa ni nani, tusimcheke.

Lipo pia suala la nafasi za ubora, ambalo hapa kwetu liliwahi kuchanganya watu wengi. Septemba 8, 2018, mjini Birmingham, Hassan Mwakinyo wa Tanga, aliyeitwa kwa dharura kuziba nafasi, alimsimamisha Sam Eggington wa Uingereza katika raundi ya pili tu. Siku chache baadaye habari zilisambaa kwamba Mwakinyo amepanda na kuingia miongoni mwa mabondia bora wa dunia katika uzito wake. Habari ilikuwa ya kweli, ila ilitoka kwenye tovuti ya BoxRec, ambayo huhifadhi kumbukumbu za mabondia na kupanga nafasi kwa kikokotoo cha kompyuta: umemshinda nani, naye alikuwa amemshinda nani. Nafasi hiyo haimpi mtu haki ya kupigania mkanda wowote. Haki hiyo hutolewa na orodha za vyombo vinne, ambazo hupangwa na kamati za watu, na bondia huingia humo mara nyingi kwa kushinda mikanda midogo ya vyombo hivyohivyo, inayotolewa kwa bara, kwa kanda au kwa vijana, na ambayo nayo ina ada zake. Ndiyo maana bondia anaweza kuwa juu sana kwenye BoxRec na asionekane kabisa WBC, au kinyume chake, na hakuna aliyekosea hesabu.

Hapo ndipo linapokuja neno «bingwa wa dunia» kwenye mabango ya Tanzania. Agosti 2013, jijini Dar es Salaam, Francis Cheka wa Morogoro alimshinda Phil Williams wa Marekani na kutwaa mkanda wa WBF, na nchi ilisherehekea bingwa wa dunia. Rashid Matumla kabla yake alikuwa ameshika mkanda wa WBU. Vyombo hivyo vina neno «dunia» ndani ya jina lake, na havidanganyi kuhusu jina. Lakini havimo katika vile vinne, na mshindi wake hawekwi kwenye mazungumzo na akina Usyk. Sisemi hivyo ili kumpunguzia Cheka heshima. Alipiga watu halisi kwa ngumi halisi mbele ya umati uliolipa, na kwa kizazi kizima cha vijana wa Morogoro na Dodoma yeye ndiye aliyeonyesha kwamba mtu wa bara, asiyetoka pwani, anaweza kuujaza ukumbi. Ninachosema ni kwamba msomaji ana haki ya kujua mkanda aliouona pichani umetoka kwenye ghala gani.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndiko wingi wa watazamaji na upungufu wa mashabiki vinakopishana.

Kwa kuwa hakuna mwenye ligi, pambano kubwa hufanyika pale anapopatikana mtu wa kuligharamia, na mtu huyo ndiye anayeamua mahali na saa. Afrika ililiona hilo Oktoba 30, 1974. Ali na George Foreman walizichapa Kinshasa kwa sababu Mobutu alikubali kila mmoja alipwe dola milioni 5, na walipanda ulingoni saa 10 alfajiri kwa saa za kule ili Marekani ilione usiku. Uwanja ulikuwa wa Afrika, saa ilikuwa ya New York. Leo mfadhili mkubwa ni Saudi Arabia, kupitia mamlaka yake ya burudani inayoongozwa na Turki Alalshikh, na kwa mtazamaji wa Dodoma kuna faida moja ndogo isiyotajwa: Riyadh na Dodoma hutumia saa zilezile. Pambano la Las Vegas humkuta mtu wa hapa Jumapili kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, wengine wakijiandaa kwa ibada, wakati pambano la Riyadh humkuta usiku uleule wa Jumamosi, akiwa bado hajalala kama ana moyo.

Katikati ya Kinshasa na Riyadh kuna historia ya televisheni, na hiyo ndiyo inayoeleza kilio cha wazee. Ngumi za Marekani za miaka ya 1950 zilionyeshwa bure, kila wiki, na majina yakaingia sebuleni mwa watu bila kubisha hodi. Baadaye zikahamia vituo vya kulipia. HBO iliingia mwaka 1973 na Showtime mwaka 1986. Kisha mapambano makubwa yakahamishiwa kwenye malipo ya pambano mojamoja, ambako mtu hulipa usiku huo peke yake. Kilele chake kilikuwa Mei 2, 2015, Floyd Mayweather alipopambana na Manny Pacquiao, na pambano hilo likanunuliwa mara milioni 4.6 nchini Marekani. Ukilitazama kwa hesabu ya fedha, halikuwa na mfano. Ukilitazama kwa hesabu ya mashabiki, ni nchi yenye watu zaidi ya milioni 300 ambamo walioweza kuliona kihalali walikuwa wachache kuliko wale ambao babu zao waliziona ngumi za Ijumaa bila kutoa senti. Mchezo uliuza tunda na kusahau kupanda mti. HBO iliondoka mwishoni mwa mwaka 2018, Showtime mwishoni mwa mwaka 2023, na nafasi yao ikachukuliwa na huduma za mtandaoni kama DAZN, kisha Netflix, ambayo Septemba 13, 2025 ilionyesha Terence Crawford akimshinda Canelo Alvarez mjini Las Vegas bila malipo ya ziada kwa wateja wake. Watazamaji waliotangazwa walizidi milioni 41. Kwa hiyo milango imefunguliwa tena, ila imefunguliwa kwa mapambano machache yenye majina makubwa. Kijana aliyemwona Crawford usiku ule hana ratiba ya kumwonyesha nani atapigana Jumamosi inayofuata.

Na nyota wenyewe hupigana mara chache. Sugar Ray Robinson, kati ya mwaka 1940 na 1965, alipanda ulingoni karibu mara 200. Bingwa wa leo hupigana mara moja au mbili kwa mwaka, akilindwa kama yai, kwa sababu kupoteza pambano moja kunaweza kumnyima fedha za pambano lijalo. Kwenye ligi, timu iliyofungwa Jumamosi hucheza tena wiki inayofuata. Kwenye ngumi, aliyepigwa hurudi mwisho wa foleni, na foleni yenyewe haina anayeisimamia. Kwa hali hiyo ni busara kwa promota kuahirisha pambano kali hadi thamani yake ipande, na ni busara kwa bondia kukubali. Busara zao mbili zikikutana, shabiki hukosa.

Tushuke sasa hadi Dodoma, ambako uchumi ni uleule kwa tarakimu ndogo. Chukua mfano wa kubuni: promota amekodi ukumbi unaoingiza watu 600, akauza tiketi zote kwa shilingi 10,000, akapata milioni 6. Ameandaa mapambano 8, yaani mabondia 16. Akiwalipa kwa wastani wa shilingi 200,000 kila mmoja, milioni 3.2 zimekwisha. Milioni 2.8 zilizobaki zinapaswa kulipia ukumbi, ulingo na lori la kuubeba, vibali, mwamuzi na majaji watatu, daktari, gari la wagonjwa, taa, muziki, ulinzi, nauli na malazi ya mabondia waliotoka Dar es Salaam, Morogoro au Singida. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, imepunguza machungu ya safari, lakini haikuyaondoa. Na mfano wangu ulikuwa wa ukumbi uliojaa. Bila mdhamini au televisheni, promota huyo anafanya sadaka.

Hesabu hiyo ndiyo inayozaa kitu ambacho mashabiki hukiita kibonde. Tiketi za Dodoma huuzwa na bondia wa Dodoma: ndugu zake wa Chang'ombe, wateja wa bodaboda yake, wenzake wa gym. Akipigwa, promota amepoteza muuza tiketi wake wa mapambano yajayo. Kwa hiyo mpinzani hutafutwa kwa uangalifu, mtu mwenye uwezo wa kusimama raundi chache na asiye na uwezo wa kuharibu sherehe, na polepole bondia wa nyumbani hujikusanyia ushindi 15 bila kupoteza huku akiwa hajajifunza kitu. Siku akisafiri kwenda Uingereza au Ulaya Mashariki anagundua kwamba huko kibonde ni yeye: ameitwa kwa notisi ya wiki mbili ili rekodi ya mtu mwingine inone. Ushindi wa Mwakinyo kule Birmingham ulishtua kwa sababu alikataa kucheza nafasi aliyoitiwa. Walio wengi hawana bahati hiyo, na wengine hukubali kwa macho wazi, kwa kuwa malipo ya kupigwa ugenini yanaweza kuzidi ya kushinda mapambano matano nyumbani. Sioni sababu ya kuwalaumu.

Hata hivyo umaarufu wa ngumi nchini umepanda, na hilo halina ubishi. Kamisheni ya ngumi za kulipwa, TPBRC, ilikuja kuchukua nafasi ya utitiri wa vyama vilivyokuwa vikigombania mabondia na mapato, kila kimoja na muhuri wake. Kwa maneno mengine, Tanzania ilijaribu kuutibu nyumbani ugonjwa ambao dunia imeshindwa kuutibu. Azam TV ilizipa ngumi usiku wa uhakika na picha safi, na mapambano ya Knockout ya Mama, yaliyobeba jina la Rais Samia Suluhu Hassan, yakazipa uzito wa kitaifa. Twaha Kiduku na Dullah Mbabe waliwagawa mashabiki kama Simba na Yanga. Kisha akaja Karim Mandonga, mtu aliyeyapa majina makonde yake kabla hajayarusha, na ambaye watu walimfuata hata alipopigwa. Wapo waliosema Mandonga aliugeuza mchezo kuwa kichekesho. Naona walikosea kidogo: mchezo usio na ratiba huishi kwa simulizi, na Mandonga aliwapa watu simulizi kwa bei nafuu. Kosa lingekuwa kudhani kwamba simulizi inaweza kujenga bondia.

Bondia hujengwa na ngumi za ridhaa, na hapa ndipo ninapoona pengo kubwa zaidi. Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba akaleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Mwaka 2022, kule Birmingham, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walipata shaba. Katika ridhaa kuna droo: unapangiwa mpinzani, huwezi kumkimbia, na ukishinda unapangiwa aliye mgumu zaidi. Kijana aliyepita humo mara 60 au 70 anaingia kwenye kulipwa akiwa amekwisha kuona kila aina ya mpinzani, mwenye mkono wa kushoto, mrefu, mkabaji, mwenye kukimbiakimbia ulingoni. Wengi wa vijana wetu huruka hatua hiyo kwa sababu ridhaa haina posho, na maisha hayasubiri droo. Hata kimataifa droo hiyo ilikuwa hatarini: Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliifutia IBA, chombo kilichokuwa kikisimamia ngumi za ridhaa duniani, utambuzi mwaka 2023, na ni Machi 2025 tu ndipo ilipothibitishwa kwamba ngumi zitakuwemo Los Angeles 2028, chini ya chombo kipya, World Boxing.

Kukosa mwenye ligi kuna gharama nyingine iliyo nzito kuliko mikanda. Novemba 13, 1982, mjini Las Vegas, Kim Duk-koo wa Korea Kusini alianguka katika raundi ya 14 mbele ya Ray Mancini, na siku chache baadaye akafariki kwa kuvuja damu kichwani. WBC ikapunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Vyombo vingine vilichukua miaka kadhaa kufuata, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema kwa siku moja kwamba kuanzia leo ni 12 kwa wote. Vivyo hivyo, bondia aliyezuiwa na madaktari wa nchi moja anaweza, sheria zikiwa legevu, kupata pambano nchi jirani. Kwa kamisheni zetu za Afrika Mashariki, kupeana orodha za waliosimamishwa baada ya kupigwa KO ni kazi isiyo na umaarufu wowote na yenye faida kuliko mkanda mpya.

Upande wa wanawake, ambao kwa muda mrefu ulifanywa wa kuchangamsha ukumbi, umekwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Aprili 30, 2022, Katie Taylor na Amanda Serrano walikuwa wanawake wa kwanza kuwa pambano kuu la ngumi katika ukumbi wa Madison Square Garden, na walipokutana mara ya tatu Julai 2025 usiku mzima ulikuwa wa wanawake. Kwa kuwa fedha zao hazijawa nyingi kiasi cha kuogopana, walio bora hukutana mapema. Kuna kejeli hapo.

Je, dawa ni kumpata mwenye ligi? Wapo wanaoamini hivyo. Machi 2025 kampuni ya TKO, inayomiliki UFC, ligi ya Marekani ya mapigano mchanganyiko, ilitangaza pamoja na washirika wa Saudi Arabia kwamba itaanzisha shirika lake la ngumi, na nia yake ni kuwa na orodha yake, mkanda wake na ratiba yake, kama UFC inavyofanya. Shabiki atafurahi, maana katika UFC walio juu hukutana. Bondia anapaswa kufikiri mara mbili. Katika UFC mwenye ligi ndiye pia mwajiri, na wapiganaji waliishitaki kwa madai ya kubanwa malipo hadi ikakubali kuwalipa dola milioni 375. Marekani ina sheria ya mwaka 2000 inayobeba jina la Muhammad Ali, ambayo humtenganisha promota na meneja wa bondia na kumlazimisha promota aweke wazi fedha anazoingiza. Na wenye mpango huu mpya wanataka irekebishwe ili nao wapate nafasi. Bondia asiye na ligi huonewa na wengi kidogokidogo. Aliye chini ya ligi moja, akionewa, hana pa kukimbilia.

Kwa sasa, basi, mtu wa Dodoma anayekutana na bango la pambano lililobandikwa karibu na Nyerere Square anaweza kulisoma kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa juu kumejaa sura zilizokunjwa na maneno ya moto. Atafute kwanza nembo ya kamisheni. Kisha atafute herufi za mkanda na neno linalofuata baada yake: WBC peke yake si sawa na WBC Afrika, na zote mbili si sawa na herufi asizowahi kuziona. Atazame idadi ya raundi; pambano la wanaume la raundi 10 haliwezi kuwa la ubingwa wa dunia wa chombo chochote kati ya vile vinne, hata bango liandikweje. Halafu achukue simu, ileile inayompa msimamo wa Ligi Kuu, aandike kwenye BoxRec jina la mpinzani, yule aliyechapwa kwa herufi ndogo upande wa kulia, aone alipigana lini mara ya mwisho na alimpiga nani.